Baba Aliyejifungua

Msihangaike kuitafuta Jamhuri ya Lafudhia kwenye ramani. Ilifutwa mwaka ule serikali yake ilipogundua kwamba wachoraji wameanza jina lake kwa herufi ndogo, ikaagiza nchi iondolewe mpaka kosa lirekebishwe. Kosa lilirekebishwa. Barua ya kuomba nchi irudishwe ndiyo haijapita mpaka leo.

Watu wa Lafudhia huzaliwa, hutaniana, hugombana na kuzikana kwa Kiswahili. Serikali yao, bahati mbaya, ina tatizo la masikio: Kiswahili haikisikii. Inasikia Kiingereza peke yake, tena kile kilichofuliwa kikaanikwa. Kwa sababu hiyo kila wizara ilipewa jukumu la pili. Kulikuwa na Wizara ya Maji na Alama za Uandishi, Wizara ya Kilimo na Nyakati za Vitenzi, na hii iliyomtesa Nesi Mafunda Kirobo, Wizara ya Afya na Kiingereza Safi.

Sheria ilikuwa na vifungu vingi, lakini wananchi waliokuwa na shida walihitaji kujua viwili tu. Kifungu cha kwanza kilisema barua yenye kosa la Kiingereza si barua, na hurudishwa kwa mwandishi wake. Cha pili kilisema Waziri hakosei Kiingereza. Ikionekana amekosea, basi ni sarufi iliyochelewa kupata taarifa.

Nesi Mafunda alikuwa mkunga wa zahanati ya Kisimani Juu. Mwanamke mfupi, mikono mikubwa, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amewapokea duniani karibu watu wote wa Kisimani Juu walio chini ya umri huo, na wengi wao aliweza kuwaambia walitanguliza nini. Zahanati yake ilikuwa na vyumba viwili, vitanda viwili, kabati la dawa lililojaa madaftari, na baiskeli moja. Hospitali ya wilaya ilikuwa kilomita thelathini. Gari hakukuwa.

Barua ya kwanza ya kuomba gari aliiandika akiwa na nywele nyeusi. Ilirudi baada ya miezi minne, imechorwa wino mwekundu na Bwana Mkwiji, Afisa Sarufi wa Wilaya. Bwana Mkwiji alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu nyekundu tatu mfukoni: moja ya koma, moja ya vitenzi na moja ya dharura. Alikuwa ameandika pembeni: "Umesema 'requesting for a car'. Kitenzi hiki hakifuatwi na 'for'. Rudia."

Nesi Mafunda akaitoa "for", akaandika upya, na kwa kuwa alikuwa ameshika kalamu akaongeza ombi la vifaa vya kuzalishia. Miezi mitano. Barua ikarudi: "Umeandika 'equipments'. Neno hili halina wingi."

"Hata vifaa vyenyewe havina wingi," alimwambia mwenzake anayegawa dawa. "Havina hata umoja."

Ya tatu ilisema "I am having no car". Ikarudi na maelezo marefu kwamba kitenzi cha kumiliki hakiwekwi katika hali ya kuendelea.

"Mbona hali yenyewe inaendelea?" aliuliza Mafunda.

Akafunga safari mpaka wilayani, akamkuta Bwana Mkwiji nyuma ya meza iliyopangwa barua kama matofali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bwana Afisa, ile barua yangu uliisoma?"

"Mara tatu, mama. Mwandiko mzuri sana."

"Uliielewa?"

"Niliielewa vizuri. Mnahitaji gari la wagonjwa, maana mnabeba wazazi kwa baiskeli."

"Sasa kama uliielewa..."

Bwana Mkwiji akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya familia. "Mama, kuelewa si kazi ya ofisi hii."

Mafunda alirudi Kisimani Juu akiwa na daftari la mazoezi alilopewa bure. Akaliweka juu ya friji ya chanjo, na kila jioni, akiwa amechoka kiasi cha kusahau kula, alijifunza nyakati za vitenzi. Alizijua barabara. Wakati uliopo, wakati uliopita, wakati ujao na vijukuu vyake vyote. Alijifunza kwa hasira, kama mtu anayepiga nyoka.

Kisha ikaja Jumanne ya Sikudhani.

Sikudhani alikuwa mke wa Mahundi, fundi wa kuchonga mipini ya majembe. Alifika asubuhi akitembea kwa miguu yake, akajifungua kabla ya saa nne mtoto wa kike mwenye kelele za kutosha. Mahundi alikuwa nje anachanja kuni za maji ya moto. Kila mtu akatabasamu. Halafu damu ikaanza, na haikukatika.

Mafunda alifanya yote anayoyajua, kisha akafanya yale ambayo hayamo katika kitabu. Mwisho wakampandisha Sikudhani kwenye baiskeli, Mahundi akisukuma, mashemeji wawili wakimshikilia huku na huku, na Mafunda akitembea ubavuni, ngumi yake ikiwa imekandamiza tumbo la mgonjwa. Kilomita thelathini. Kila aliposikia mngurumo aligeuka, na kila mara ulikuwa ni mngurumo wa mashine ya kusaga. Walifika jua likiwa limeelemea magharibi. Sikudhani alikuwa mweupe kama unga. Daktari alimwongezea chupa mbili za damu, akasema, "Dakika kumi zaidi, dada, ungeniletea maiti."

Mafunda akakaa kwenye benchi la korido, mikono ina damu iliyokauka mpaka kwenye viwiko, akaomba karatasi. Kanuni ilidai ripoti ya tukio siku hiyohiyo, kwa Kiingereza. Safari hii hakufungua daftari. Aliandika ukurasa mmoja bila kupumua, kalamu ikitoboa karatasi. Vitenzi vilikaa sawa, wingi ulikaa sawa, hakuna "for" iliyozidi. Ila sehemu moja tu ya akili yake, iliyochoka kuliko nyingine, iliendelea kufikiri kwa lugha aliyonyonya. Katika lugha hiyo mtu ni mtu. Alijifungua, alitoka damu, alikaribia kufa: hiyo "a" haina haja ya kukagua nguo ya mtu ndani. Kiingereza kina haja hiyo. Mafunda, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, alimwandika Sikudhani "he".

Mwanamume alijifungua mtoto wa kike. Mwanamume alivuja damu. Mwanamume alibebwa kwa baiskeli kilomita thelathini.

Bwana Mkwiji alikuwa likizo. Ripoti ikapita bila wino, ikapanda ngazi moja, ikapanda ya pili, na kwa kuwa haikuwa na kosa hata moja la koma, ikafika mezani kwa Waziri mwenyewe.

Mheshimiwa Ndimilemba, Waziri wa Afya na Kiingereza Safi, alikuwa na mkutano wa kimataifa kesho yake na hakuwa na la kusema. Aliisoma ripoti mara moja, akaipiga busu. Siku iliyofuata alisimama mbele ya wajumbe wa mataifa arobaini, akatangaza kwamba wakati nchi nyingine zinahangaika kupunguza vifo vya wajawazito, Lafudhia imekwenda mbele zaidi na kuanza kuwazalisha wanaume. Ukumbi ulilipuka. Wajumbe walicheka hadi wakafuta machozi. Mheshimiwa aliyaona machozi, akainama kupokea shukrani.

Aliporudi, washauri wake wanne walimsubiri uwanja wa ndege wakiwa wameishika ripoti. Wote wanne walikuwa wamekwishaliona kosa. Wote wanne walikuwa na watoto wanaosoma. Mkubwa wao akasema, "Hongera, Mheshimiwa. Tumtafute huyo bwana tumpe nishani."

Basi siku moja, saa tatu asubuhi, Nesi Mafunda alisikia mngurumo ambao haukuwa wa mashine ya kusaga. Akatoka nje na mkasi mkononi. Magari kumi na manne yalikuwa yanapanda kilima cha Kisimani Juu kwa mstari, yote yanang'aa. Alidhani ameombewa mahali.

"Ni lipi letu?" alimuuliza mtu wa kwanza kushuka.

"Letu lipi, mama? Hili la kwanza ni la Mheshimiwa, la pili ni la viti vya Mheshimiwa, la tatu ni la maji ya Mheshimiwa. Zahanati ni ile? Iondoeni ile kamba ya nguo, inaharibu picha."

Turubai lilisimamishwa kwa nusu saa, na zahanati ilikuwa inavuja kwa miaka tisa. Bendi ikapiga. Mheshimiwa Ndimilemba akapanda jukwaani, akazungumza Kiingereza kwa muda ambao mtu angeweza kupika maharage yakaiva, na mkalimani akawaambia wananchi kwa Kiswahili, "Mheshimiwa amefurahi."

"Na sasa," akasema Mheshimiwa, akishuka mpaka kwenye Kiswahili kwa heshima ya waliokaa chini, "yuko wapi shujaa? Yuko wapi aliyejifungua? Asimame, taifa limwone!"

Sikudhani akasimama, bado mnyonge, mtoto kifuani.

Afisa itifaki akamkimbilia. "Kaa chini, mama. Tunamtafuta aliyejifungua."

"Ndiye mimi."

"Mama, usiharibu shughuli. Jina la mumeo nani?"

Mahundi akavutwa mkono mpaka jukwaani, akiangalia nyuma kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Akavishwa utepe na nishani ya Uzazi Uliotukuka, Daraja la Kwanza. Akapewa kipaza sauti, aseme uchungu ulikuwaje.

"Mimi nilikuwa nje," alisema Mahundi. "Nachanja kuni."

Mkalimani hakusita. Akamwambia Mheshimiwa kwa Kiingereza kwamba shujaa alifanya kazi ngumu mpaka dakika ya mwisho. Makofi yakapigwa.

Mafunda ndiye aliyevunja shughuli. Alipita katikati ya viti, aproni yake ikiwa na madoa, akasimama chini ya jukwaa.

"Mheshimiwa, kosa ni langu," alisema kwa ile sauti yake ya bonde. "Niliandika 'he' badala ya 'she'. Nilikuwa nimechoka. Aliyezaa ni yule mama pale, na nusura afe kwa sababu hatuna gari. Hiyo ndiyo habari niliyoandika. Gari."

Bendi, kwa kukosa maelekezo, ikapiga kidogo kisha ikaacha.

Mheshimiwa Ndimilemba hakukasirika. Waliopanda sana hawana sababu ya kukasirika. Alimwita Mafunda nyuma ya turubai, akamkalisha kwenye kiti cha akiba.

"Nesi, wewe ni mtu wa sayansi, nitakuonyesha kwa mantiki. Unasema ripoti ilikuwa na kosa. Mimi niliisoma mbele ya dunia. Kwa hiyo dunia imesikia kosa mdomoni mwangu. Kifungu cha pili kinasema nini?"

"Kwamba Waziri hakosei."

"Kwa hiyo?"

Mafunda akakunja ncha ya aproni yake.

"Kwa hiyo mwanamume alijifungua," akasema Mheshimiwa kwa upole, akatoa karatasi mbili. "Hii ya kwanza inathibitisha ripoti yako. Ukiweka sahihi, nakupa neno langu, zahanati itapata gari. Hii ya pili ni ya kukupeleka makao makuu, miezi kumi na minane, kozi ya viwakilishi. Zahanati itafungwa mpaka urudi. Chagua bila kushurutishwa."

Mafunda aliomba dakika tano. Akatoka akamkuta Sikudhani amekaa kivulini mwa gari la viti, ananyonyesha. Akamwambia yote. Alimweleza kwamba akisaini, kwenye makaratasi ya serikali Sikudhani hatakuwa amezaa, na akikataa, hakutakuwa na mkunga kabisa.

Sikudhani alimsikiliza, akamhamisha mtoto kwenye titi la pili.

"Dada Mafunda, waandike hata kwamba nimezaliwa mimi na huyu mtoto ndiye mama yangu. Wewe lete gari. Zamoyoni jirani yangu ana mimba ya miezi mitano, dada yake Mahundi miezi sita. Hao utawabeba kwa sarufi?"

Mafunda akarudi, akaweka sahihi. Alipomaliza aliufuta mkono kwenye aproni, mara mbili. Magari kumi na manne yakashuka kilima. Hata turubai waliondoka nalo.

Uongo uliosainiwa una kazi nyingi ndogondogo. Kadi ya kliniki ya mtoto ilikuja imechapwa: mama, Mahundi. Kila siku ya chanjo Sikudhani hakuruhusiwa kumleta mtoto. Alikuja Mahundi, akakaa kwenye benchi na wanawake, akafundishwa namna ya kumpakata mtoto wakati wa kunyonyesha. Alikuwa msikivu kuliko wote, na aliuliza maswali. Mkaguzi wa wilaya alimsifu kwa uzazi wa mfano. Sikudhani alikaa nje ya uzio akisubiri kurudishiwa mwanawe, na Mafunda, kila alipoinua macho akamwona pale, alipoteza hesabu ya matone ya chanjo.

Dada yake Mahundi alijifungua salama. Mwezi mwingine ukapita. Gari halikuja. Mafunda akaandika kuulizia. Akajibiwa kwamba jambo liko mikononi mwa Waziri, ambaye tangu ule mkutano haamini tena makarani na huandika barua zake mwenyewe.

Asubuhi ya Zamoyoni ilianza vibaya tangu alfajiri. Uchungu ulikuja kwa nguvu, lakini Mafunda alipompapasa tumbo aligusa kichwa cha mtoto ubavuni, na makalio ubavu wa pili. Mtoto alikuwa amelala kingamo, kama mtu aliyejinyoosha kwenye mkeka wake. Huyo hatoki bila kisu. Na baiskeli haiwezi kumbeba mtu anayejipinda namna ile. Akatuma watu waende kuomba mkokoteni wa ng'ombe kijiji cha pili, akijua kabisa mkokoteni utafika hospitali saa ngapi.

Ndipo ukasikika mngurumo. Pikapu nyeupe ya Wizara, mpya, ina turubai nyuma, ikapanda kilima na kusimama mbele ya mlango. Akashuka Bwana Mkwiji, suti imempwaya, na dereva wake, mzee Chongwe, anayejulikana na kila zahanati ya wilaya.

"Mungu mkubwa!" Mafunda alipiga kelele. "Mmelileta! Chongwe, geuza gari, nyuma kwenye mlango, nina mgonjwa."

"Mama, subiri," alisema Bwana Mkwiji. Alikuwa haangalii usoni. "Kuna barua."

Ilikuwa na mhuri wa Waziri na mwandiko wake mwenyewe, wenye mikia. Mafunda aliisoma akiwa amesimama, mikono inanuka sabuni. Mstari ulikuwa mmoja: "The Ministry is going to borrow the clinic one vehicle."

Aliusoma tena. Kwetu neno ni moja tu: niazime, nimekuazima, nimeazima kwako, mkono wa mtu ndio unaoonyesha kitu kinaelekea wapi. Kiingereza kimeligawa mara mbili, anayetoa na lake, anayechukua na lake. Waziri, mtu wa Lafudhia kama watu wengine, alikuwa amechukua lile la kuchukua.

"Alikusudia kutuazima gari," alisema Mafunda.

"Sijui alichokusudia, mama."

"Unajua. Wewe ndiye uliyenirudishia barua kwa 'for' moja. Hii unaijua mpaka kwenye mifupa."

Bwana Mkwiji alisogea karibu. Kwa ukaribu alionekana mdogo, na amekonda. "Mama, nikisema limekosewa, nimesema Waziri amekosea. Nina mke, nina mama yangu mgonjwa. Kilichoandikwa ndicho kinachotekelezwa. Wizara inaazima chombo kimoja cha zahanati hii. Nimetumwa kukichukua." Akageuka, akaiona baiskeli imeegemea ukuta, akaishika usukani kama mtu anayeshika kitu cha maiti. "Naomba unisamehe."

Kutoka ndani Zamoyoni akalia, kilio cha chini, cha mtu asiye na pumzi ya kupiga kelele.

Miaka yote ya barua ikampanda Mafunda kifuani kwa mkupuo. Alitaka kumpiga yule kijana kwa ile baiskeli. Alitaka kukaa chini aangue kilio. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, ikiuliza swali la daftari.

"Bwana Afisa. Hilo neno 'vehicle' ni baiskeli?"

Bwana Mkwiji alisita. Angeweza kudanganya kuhusu mambo mengi, lakini si kuhusu msamiati. "Kwa... kwa mwongozo wa Wizara, ni chombo chenye injini."

"Basi iache baiskeli."

Akaiacha.

"Barua inasema Wizara inaazima chombo chenye injini cha zahanati hii. Mtu huazima kwa nani?"

"Kwa mwenye nacho."

"Kwa hiyo zahanati inacho."

"Mama, zahanati haina..."

"Usimalize!" Mafunda alinyoosha kidole. "Ukisema haina, Waziri ameandika jambo lisilokuwepo. Umesema haina?"

"Sijasema."

"Waziri amekosea?"

"Waziri hakosei," alisema Bwana Mkwiji kwa haraka, akiangalia nyuma yake.

"Basi zahanati ina gari. Wewe una macho ya koma, litafute. Liko wapi?"

Bwana Mkwiji aliangalia huku na huku kwa uaminifu kabisa. Palikuwa na kuku watatu, pipa la maji, mti wa mpapai, baiskeli. Na palikuwa na pikapu nyeupe ambayo injini yake bado ilikuwa inaunguruma.

Mzee Chongwe alikohoa. Kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake.

"Hili nimekuja nalo mimi," alisema Bwana Mkwiji, sauti imepungua. "Kama ni la zahanati, basi Wizara imekwishaliazima."

"'Is going to'," alisema Mafunda. "Ni wakati gani?"

Bwana Mkwiji akaitazama barua.

"Bwana Afisa, nakuuliza. Ni wakati gani?"

"Wakati ujao."

"Tendo limetendeka?"

"Halijatendeka."

"Basi leo Wizara haijaazima kitu. Itaazima. Siku itakapoazima mje mzungumze na mimi. Leo gari ni letu, na mgonjwa wetu anakufa ndani ya chumba kile."

Bwana Mkwiji alisimama na barua mkononi. Midomo yake ilichezacheza. Alikuwa anausoma ule mstari upya, neno kwa neno, akitafuta pa kutokea. Hakukuwa na pa kutokea. Sentensi ilikuwa imefungwa pande zote, na aliyeifunga alikuwa Waziri. Jasho lilimtoka. Lakini Mafunda, aliyezoea kusoma nyuso za watu walio katika maumivu, aliona kitu kingine kikiingia usoni mwa kijana yule, kidogo kidogo, kama mtu anayevua kiatu kilichombana tangu asubuhi.

"Ni sahihi," alisema. "Kisarufi ni sahihi kabisa."

"Chongwe!" Mafunda alikwishageuka. "Nyuma kwenye mlango!"

"Nilishaweka gia, mama."

Walimbeba Zamoyoni kwa godoro lake. Mama mkwe wake akapanda, Mafunda akapanda, na hapo ikaonekana kwamba hakuna wa kushika chupa ya dripu, maana Mafunda alihitaji mikono yote miwili. Bwana Mkwiji alikuwa bado amesimama karibu na mpapai.

"Wewe!" Mafunda alimwita. "Panda ushike hii. Juu. Juu zaidi. Ikishuka chini ya kifua chako nakutupa njiani."

Akapanda na suti yake. Kilomita thelathini za mashimo alisimama ameinama chini ya turubai, mkono mmoja umeng'ang'ania bomba la chuma, wa pili umeinua chupa. Zamoyoni alipojipinda alimshika kijana huyo mguu wa suruali na kuuminya, na Bwana Mkwiji hakuuondoa. Njiani kalamu moja ilimdondoka mfukoni, ikabiringika mpaka nje ya gari. Aliitazama ikienda.

"Anaishi?" aliuliza kila baada ya muda. "Mama, bado anaishi?"

"Shika chupa," Mafunda alijibu.

Walichukua dakika hamsini. Daktari aliposikia kingamo hakuuliza karatasi. Alimwita mtu wa dawa ya usingizi, na milango miwili ikafunguka na kufungwa. Mafunda aliingia nao. Alitoka baadaye akiwa amemwona mtoto kwa macho yake, wa kiume, bluu kwanza kisha mwekundu, na Zamoyoni anapumua vizuri, tumbo limeshonwa. Akaenda kwenye sinki la korido kunawa.

Mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, Bwana Mkwiji alikuwa bado amesimama. Chupa ilishachukuliwa zamani, lakini mkono wake ulikuwa umebaki juu kidogo, umekufa ganzi. Suruali ilikuwa na damu hadi gotini. Karani wa mapokezi akamfikia na daftari kubwa.

"Samahani, kaka. Huyu mgonjwa wa kingamo, nyie ni nani wake? Mumewe?"

"Hapana."

"Ndugu?"

"Hapana."

"Sasa niandike nini? Mmemleta na nini, ile pikapu ya Wizara iliyozuia mlango?"

Mafunda akafunga bomba, maji yakatike ili asikie.

Bwana Mkwiji alitazama daftari, akatazama mlango uliokuwa umefungwa, akatazama suruali yake.

"Si la Wizara," alisema. "Andika gari la zahanati ya Kisimani Juu. Mimi nimepewa lifti."